Sauti ya Kigurudumu cha Baba Mkwe

Basi, alikanyaga.

Mlioniacha wiki iliyopita chini ya meza ya mshonaji wa sare, bisibisi mdomoni na mkono umezama ndani ya cherehani yake, mlitaka kujua kama atakanyaga pedali. Alikanyaga. Sindano ilishuka, na kabla sijatamka neno nilikuwa nimeshonwa mkono wa shati pamoja na sketi ya mtoto wa darasa la tatu.

Mama yule hakupiga kelele. Aliinama, akanitazama pale chini, akakata uzi kwa meno. "Fundi," alisema, "ukitaka kitu kwenye mashine yangu, si ubishe hodi?"

Nikamwomba kile kiulimi cha chuma. Akanipa, akanitimua, na sketi nikailipia. Nilitoka pale nimekishika kiganjani, nikidhani shida zangu zimekwisha.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, usijione umechelewa. Mambo yenyewe ni haya.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, siyo wa kushona. Baba mkwe wangu, mpima ardhi mstaafu, anakusanya vifaa vya zamani vya kuvulia samaki: fimbo za mwanzi zilizofungwa nyuzi za hariri, vyelezo vya gome la mti, ndoano zilizofuliwa kwa mkono, na vigurudumu vya kukunjia mshipi. Vyote vinakaa kwenye kabati la vioo sebuleni kwake. Kila kimoja lazima kishuke majini mara moja kwa mwaka. Kifaa kisichovua, anasema, ni pambo, na mapambo ni kazi ya mkewe.

Kipo kimoja anachokipenda kuliko sisi wengine wote. Ni kigurudumu cha shaba alichoachiwa na kaka yake, marehemu sasa, mtu ambaye hakuoa hadi anaingia kaburini. Kaka mtu alikuwa nacho kimoja tu duniani, akampa mdogo wake na si mtu mwingine. Hadithi hiyo niliisikia siku ya harusi yangu, katika hotuba ndefu ambayo mimi sikutajwa.

Kigurudumu kile kinalia. Yaani kilikuwa kinalia. Ndani yake kulikuwa na kiulimi cha chuma kinachogonga meno ya duara dogo, mshipi ukitoka kinasema krrrr, ukikunjwa kinasema tik, tik, tik. Baba mkwe anaujua mlio ule kama mtu anavyokijua kikohozi cha ndugu yake.

Tangu nimwoe bintiye nimekuwa "huyo fundi". Siyo mkwe, siyo kijana wetu. Huyo fundi amekuja, mpeni kiti. Halafu siku moja, bila kutarajia, akaniita mbele ya kabati, akalifungua, akanikabidhi kigurudumu kile nikisafishe. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Sasa jiulize fundi cherehani hufanya nini akisikia kitu kinagonga ndani ya chuma. Kwetu sisi kinachogonga ni kibovu. Nilikifungua, nikayaona meno yamechongoka, nikayapiga tupa mpaka yakawa laini. Nikang'oa kiulimi. Nikatia grisi. Kikawa kinazunguka kimya kabisa, nami nikajipongeza kwa chai. Kile kiulimi nikakipachika kwenye mashine ya mshonaji wa sare, maana kiliingia pale kana kwamba kilizaliwa humo.

Nilikuja kujua nilichofanya baada ya mke wangu kuuliza, huku akikizungusha kwa kidole, mbona hakisemi.

Basi ndipo nikarudi na kiulimi changu. Nikakaa mezani kwangu, kati ya mashine zisizo na vichwa na vichwa visivyo na mashine, nikakirudisha mahali pake. Nikazungusha. Kimya. Nikazungusha tena. Kilipita juu ya meno yaliyolala kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kiulimi nilikuwa nacho, meno ya kugonga sikuwa nayo, na kuchonga meno mapya kwa mkono kungenichukua muda ambao sikuwa nao. Siku ya kuvua ilikuwa Jumamosi ile.

Mke wangu alikuwa anaosha vyombo. Aliniambia nimweleze baba yake ukweli, nikamwambia nitamweleza mambo yakitulia. Akaniuliza kama nafahamu kinachofanyika samaki akishapatikana. Nikasema anapikwa.

Hapo ndipo nilipoelezwa. Chama chao cha wavuvi wa vifaa vya zamani kina desturi. Kigurudumu kikishatoa samaki wake wa kwanza wa mwaka, mshipi wote huvuliwa ukatandazwa kwenye migongo ya viti ukauke, kwa kuwa ni wa hariri na ukiachwa na maji huoza. Kisha kigurudumu hufunguliwa palepale, mbele ya wanachama. Jina la mwenyewe, lililochongwa ndani ya kifuniko, husomwa kwa sauti. Kinatiwa tone la mafuta, kinafungwa, watu wanapiga makofi. Walianza hivyo baada ya wazee wawili kubadilishana vigurudumu kwa bahati mbaya na kununiana mpaka mmoja akazikwa.

"Na anayekagua ndani," mke wangu alisema akikausha sufuria, "ni katibu. Yule daktari wa meno."

Ni kweli. Katibu wao ni daktari wa meno mstaafu, na bado anatembea na kile kioo kidogo chenye mpini alichokuwa akiwatazamia watu magego. Maji yakanifika shingoni. Meno niliyoyapiga tupa yanakwenda kukaguliwa na mtaalamu.

Nilitafakari, nikaona mambo mawili yakitimia nitapona. La kwanza, kigurudumu kisikike kikilia. La pili, samaki asipatikane. Pasipo samaki, hakuna kufungua.

La kwanza nililipata kwa muuza vyuma chakavu. Alikuwa na kigurudumu kidogo kilichopasuka ubavu, kimeshika kutu, lakini kina kiulimi na kina meno. Nilijaribu kuyahamishia meno yake kwenye kile cha baba mkwe, yakagoma. Duara lake ni dogo mno. Lakini kilienea mfukoni mwa suruali. Mkono mfukoni, kidole kwenye mpini, nikizungusha kinalia.

Mke wangu alikataa kushiriki katika upuuzi huo. Baadaye alikaa chumbani, mlango umefungwa, mimi jikoni nikizungusha na kukwangua kiulimi kwa msasa, yeye akitoa hukumu kutoka ndani.

"Hiyo ni kinu cha kahawa."

Nikakwangua.

"Hiyo ni panya."

Nikakwangua tena, nikazungusha taratibu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayecheka bila kutaka, "Hapo. Karibu kabisa."

Alitoka akaniambia sharti lake. Kabla hatujaondoka bwawani Jumamosi, niwe nimemwambia baba yake kwa mdomo wangu. Nisipofanya hivyo atamwambia yeye. "Baba hamchukii aliyeharibu," alisema. "Anamchukia aliyeficha." Nilikubali haraka sana, na yeye anajua maana ya kukubali kwangu haraka.

Kuna jambo jingine lililonipa moyo, na naona aibu kulisema. Baba mkwe ana sikio moja tu linalofanya kazi, la kulia. Mama mkwe, ambaye alikuwa muuguzi, aliwahi kunieleza siku nilipomsalimia mzee kutoka kushoto nikakosa jibu. Mwenye sikio moja, alisema, husikia vizuri tu, lakini hawezi kujua sauti imetoka upande gani. Nililiweka akilini wakati ule kwa nia njema.

Jumamosi tukafika bwawani. Ukuta wa zege, nyasi zilizokatwa, viti vya kukunja vimepangwa kwa mstari, wazee wamevaa kofia na wake zao wamekuja na vikapu. Mama mkwe alikaa kando kidogo, mkoba wake mweusi mapajani. Mkoba ule hauweki chini hata akiwa anakula. Watoto wake humtania kwamba siku akifa utazikwa kaburi la pembeni.

La pili, la samaki asipatikane, nililifanya mwenyewe kwa mikono yangu. Nilijitolea kuandaa ndoano. Nilikuja na yangu, nimeisugua ncha mpaka isingetoboa hata gazeti hili, nikaitia mkate uliochacha ambao samaki mwenye akili timamu asingeugusa.

Baba mkwe akasimama ukingoni, nami nikasimama kuliani kwake, nimemgusa bega, mkono mfukoni. Akatupa. Mshipi ukaruka, kigurudumu kikazunguka kimya kama nilivyokifundisha, na mimi mfukoni nikazungusha kwa nguvu zangu zote.

Krrrr.

Mzee alifumba macho. Kisha akasema polepole, "Kaka huyo."

Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilijisikia mwizi, lakini mwizi aliyemletea mtu zawadi. Akakunja, nikakunja naye. Akatupa tena, nikatupa naye. Tukaelewana mpaka nikaanza kusahau kwamba ni uongo. Mke wa mwanachama mmoja aliyekuwa nyuma yetu aliitazama suruali yangu ikitikisika, akanitazama usoni, akachukua kiti chake akahamia mbali.

Mkate wangu ulifanya kazi. Wenzake wakavua, sisi hatukuvua. Mke wangu akanionyesha kidevu: mwambie. Nikamwonyesha kiganja: subiri.

Ndipo baba mkwe akaniinamia. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hayakuwa maji ya bwawa. "Nilidhani nitakufa sijakisikia vizuri tena," alisema. "Siku hizi kilikuwa kinakwaruza. Umekifanyia kazi nzuri, mwanangu."

Mwanangu. Nililisubiri neno hilo tangu siku ya hotuba ile, na lilipokuja lilinichoma. Nikapiga moyo konde. Nikatoa mkono mfukoni, nikafungua mdomo nimwambie yote, liwalo na liwe.

Fimbo ikapinda mpaka majini.

Alikuwa kambare, na kambare hana haja na ncha. Alimeza mkate, ndoano na kipande cha mshipi kama mgonjwa anayemeza kidonge bila maji. Akaondoka nao kuelekea katikati ya bwawa. Mkono wangu ukarudi mfukoni mbio, nikazungusha, krrrrrr, bitana ya mfuko ikajisokota, kidole kikabanwa, jasho likanitoka. Wanachama wote wakasimama. Sikio la mzee lilikuwa limeelekea angani, anacheka kwa furaha.

Kisha akanigeukia. "Shika wewe," alisema. "Mikono yangu haimwezi huyu. Mvue, nataka nikae nisikilize."

Nikataka kukataa. Fimbo ilikuwa tayari kifuani kwangu, na kambare alikuwa akivuta. Ilinibidi nishike kwa mikono yote miwili.

Kambare akakimbia tena. Kigurudumu kikazunguka mbele ya macho yangu kwa kasi, na hakikutoa hata chembe ya sauti. Uso wa baba mkwe ukaanza kubadilika. Akaweka kiganja nyuma ya sikio lake zima. "Mbona amenyamaza?" aliuliza.

Nilitamani kambare anivute niende naye.

Krrrrrr.

Nilidhani nimepagawa. Mikono yangu ilikuwa kwenye fimbo. Mfuko wangu ulikuwa umetulia. Na mlio wenyewe haukuwa wa kinu wala wa panya wala wa karibu kabisa. Ulikuwa ule wenyewe, laini, uliojaa, niliousikia mara moja tu kabla sijauua kwa tupa.

Mzee akashusha kiganja, akatabasamu.

Niligeuza shingo kadiri kambare alivyoniruhusu. Wanachama walikuwa wakitazama samaki. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi, mdomo wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, anatazama maji kwa utulivu, kama anayesubiri zamu yake ya kumwona daktari. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama mkobani hadi kwenye kifundo. Na kiwiko kilikuwa kinacheza.

Sikumbuki vizuri jinsi nilivyomtoa yule kambare. Najua mtu alikuja na wavu wenye mpini, najua watu walipiga makofi, na najua kila nilipokunja mshipi, tik, tik, tik, mkoba wa mama mkwe ulikunja nami bila kukosea hata mara moja. Yule mama alikuwa hodari kuliko mimi. Haikuwa mara yake ya kwanza kukizungusha kitu kile.

Mshipi ukavuliwa, ukatandazwa kwenye migongo ya viti. Kigurudumu kikatolewa kwenye fimbo, kikabaki kitupu mikononi mwangu. Katibu akasogea, akiking'arisha kioo chake kwa tai. Baba mkwe akatoa mfukoni bisibisi yenye mpini wa mti ambayo miaka yote huishika yeye mwenyewe.

"Leo sifungui mimi," aliwaambia wenzake. "Atafungua huyu mwanangu."

Nikamtazama mke wangu. Aliniambia kwa macho kwamba hapa ndipo mwisho wa njia, nami nikakubaliana naye, safari hii kwa dhati. Afadhali aniite huyo fundi kwa kosa nililolikiri kuliko mwanangu kwa uongo. "Baba," nilisema, "kabla sijafungua, kuna neno."

"Kina tope," mama mkwe akanikata. Alikuwa amesimama mbele yangu na kitambaa, mkoba umening'inia mkononi. "Nipe nikifute kwanza, baba. Utafunguaje kitu kina tope?"

Akakichukua. Akawapa watu mgongo kidogo, akafuta, akageuka, akanirudishia. Alinong'ona bila kutikisa midomo, kama wauguzi wanavyojua kufanya mbele ya mgonjwa. "Chako kimo mkobani. Fungua hiki, na mdomo wako uufunge."

Kilikuwa kigurudumu cha shaba, kizito vilevile, kipana vilevile. Tofauti ni kwamba kilikuwa cha moto kwa kukaa ndani ya mkoba.

Marehemu alikuwa nacho kimoja tu duniani. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Nilimtazama mama mkwe nikitaka kumuuliza, naye akanitazama jicho la usithubutu, akaenda kukaa.

Nikafungua. Katibu akaingiza kioo chake, akachungulia huku na huku, akasimama wima. "Meno yote yapo," alitangaza. "Na ni mazima."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilikuwa nimepona. Baba mkwe alinipiga bega, na kwa mara ya kwanza tangu niingie ukoo ule nilijisikia nina mahali pa kusimama. Kumwambia kungesubiri. Pengine kungesubiri hadi uzeeni kwangu.

Kilichobaki kilikuwa jina. Nikakigeuza kifuniko.

Mwandiko wa marehemu naufahamu. Niliuona kwenye kile kingine siku nilipokiharibu: herufi ndogo, zimechongwa kwa ncha ya sindano, kila mkia umepinda kidogo. Pale palikuwa na jina la baba mkwe, wazi kabisa. Hapa palikuwa na mwandiko uleule, mikia ileile. Jina halikuwa lake.

Lilikuwa jina la mama mkwe. Siyo lile tunalomwita sisi, bali lile la usichana, ambalo nimelisikia kwa dada zake peke yao. Na chini yake marehemu alikuwa ameongeza neno moja, neno ambalo mwanamume hamwandikii mke wa mdogo wake.

Niliinua macho. Mama mkwe alikuwa anakunja kitambaa chake taratibu, ametulia kama mtu aliyetoka kutenda wema. Nikaelewa. Miaka yote hiyo amekibeba, amekizungusha peke yake nyumba ikiwa tupu, lakini hajawahi kukifungua. Hajui kilichoandikwa ndani.

Nikaweka kidole gumba juu ya maandishi. Nilifikiria kudanganya, nitaje jina la mzee tupige makofi twende zetu. Lakini katibu alikuwa ameshavaa miwani, na kioo chake kilikuwa kinakuja taratibu kuelekea kidole changu, kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha. Nikafikiria kukiri. Nikikiri kwamba hiki sicho, wataniuliza hiki kimetoka wapi, na mkoba upo pale mapajani mwa mwenyewe.

Wazee wote walivua kofia, kama desturi yao ilivyo.

Baba mkwe akakisogeza kiti chake, akanigeuzia sikio la kulia.

"Soma, mwanangu," alisema. "Nataka nilisikie jina langu."